Unanyonyesha Bukavu: jani lipi unywe, lipi uliache sokoni

Mama aliyejifungua Bukavu hakosi washauri. Mama mkwe anamletea uji wa masoso na kasiksi kidogo, ile pombe ya ndizi, jirani anagonga mlango na fungu la mubirizi, lile jani chungu la homa, dada anayeuza kwenye soko la Kadutu anamtumia mfuko wa unga wa moringa, na kwenye kituo cha afya anaambiwa aache yote. Kila mmoja anamtakia mema. Lakini anayenyonya hajui kusema kichwa kinamuuma au tumbo linamkata.

Nafanya kazi ya uuguzi kwa wazazi, na maswali haya nayasikia kila siku ya kupimisha watoto. Sikubaliani na wenzangu wanaokataza kila jani. Mama ukimkataza kila kitu, atakunywa kimya kimya, na siku mtoto akilegea hatakuambia alikunywa nini. Sikubaliani pia na wanaosema kitu cha shamba hakidhuru. Kwinini inatoka kwenye gome la mti, na kila anayeijua kwinini anajua ukali wake. Hapa nailinganisha mimea inayopatikana masokoni mwetu kwa kazi ambayo mama anaitafutia, na nitasema wazi ninayoichagua.

Sufuria ya mboga na sufuria ya dawa

Lengalenga, sombe iliyotwangwa na kuchemshwa vizuri, majani ya maboga, kitunguu saumu cha kuungia samaki wa sambaza: yote hayo ni mimea, na mama anayenyonyesha anayala bila hofu. Ukishashiba bugali umeshiba, na tumbo lenyewe linaweka mpaka. Kitunguu saumu kinabadilisha hata harufu ya maziwa. Watafiti wa Philadelphia walilipima jambo hilo mwaka 1991, wakakuta watoto hawaikimbii harufu ile. Walikaa kwenye titi muda mrefu zaidi.

Sufuria ya dawa haina mpaka. Majani yakijazwa mikono miwili, yakachemshwa mpaka maji yawe meusi, na mama akanywa kutwa nzima, kinachoingia mwilini hakilingani tena na mboga. Mwaka 1994 jarida moja la madaktari wa watoto lilieleza habari za watoto wachanga wawili wa Italia. Mama zao walikuwa wakinywa zaidi ya lita mbili kwa siku za chai ya kuongeza maziwa iliyochanganywa shamari, anisi, urukususu na mmea uitwao galega. Watoto walilegea, wakatapika, wakawa wa kulala tu, wakashindwa kunyonya. Chai ilipoachwa, walirudia hali yao ndani ya siku moja na nusu hivi. Shamari na anisi ni viungo ambavyo watu wanatia kwenye mikate. Lita mbili ni jambo jingine.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina la jani, uliza linaingiaje: kwenye sahani, kwenye kikombe chepesi kama chai, au limekolezwa kama dawa.

Umri wa mtoto unabadilisha jibu

Ini na figo za mtoto wa juma moja bado zinajifunza kazi. Kafeini inaonyesha hilo vizuri: mtu mzima anaondoa nusu yake mwilini kwa saa tano hivi, mtoto mchanga anaweza kuchukua siku tatu na zaidi kwa nusu hiyo hiyo. Ndiyo maana kahawa ya Idjwi, kikombe kimoja au viwili kwa siku, haina shida kwa mama mwenye mtoto wa miezi mitano, lakini kwa mwenye mtoto wa siku kumi nashauri kisizidi kimoja, na macho yawe kwa mtoto kama analala.

Jani nitakalolikubali hapa chini kwa mama wa mtoto wa miezi minane, huenda nikalikataa kwa mama wa mtoto wa chini ya miezi miwili. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyekuwa na manjano, nakataa kila dawa ya kuchemsha mpaka daktari aseme.

Kuongeza maziwa: moringa, uwatu, kasiksi au uji?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapokwenda. Pale Kadutu nilisimama nyuma ya msichana aliyebeba mtoto mgongoni, mbele ya mama aliyetandaza bidhaa juu ya gunia.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Ya maziwa, mtoto wangu. Kijiko asubuhi, kijiko magaribi."

"Mtoto ana juma tatu tu."

"Haina shida. Ni mboga hiyo."

Kwa upande wa majani, yule mama alisema kweli. Majani ya moringa ni chakula katika nchi nyingi, na Ufilipino, ambako mama wazazi wanayatia kwenye mchuzi, tafiti chache ndogo zilionyesha maziwa yakiongezeka siku za mwanzo. Tatizo lilikuwa kwenye mfuko wenyewe: umefungwa fundo, hauna jina wala tarehe, na unga ulikuwa wa kahawia kama tumbaku. Unga mzuri wa moringa una kijani kinachoonekana wazi na unanuka kama majani makavu. Ukiwa wa kahawia, umeungua juani au umezeeka. Ukinuka uvundo, umeota ukungu, na ukungu ni sumu yake yenyewe. Kando ya mifuko ile kulikuwa na vipande vya mizizi ya mti huo huo. Mizizi na gome la moringa vina kemikali zenye sumu ambazo majani hayana kwa kiasi hicho, na mama anayenyonyesha asiviguse.

Uwatu unapatikana kwenye baadhi ya farmasi na maduka ya viungo, ni ghali kuliko moringa, na sifa zake ni kubwa kuliko ushahidi. Tafiti nyingine zinaona faida, nyingine hazioni. Mama anaweza kuharisha, na jasho lake likanuka kama sukari iliyoungua; harufu hiyo inaweza kuingia hata kwenye mkojo wa mtoto, ikawatisha watu bure. La kuangalia zaidi ni kwamba uwatu unashusha sukari ya damu, unagongana na dawa za kuzuia damu kuganda, na uko ukoo mmoja na karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga auepuke. Nikiambiwa nichague kati ya hivyo viwili kwa mama mwenye afya, nachukua majani ya moringa, kijiko kidogo kimoja au viwili ndani ya uji. Uwatu sioni sababu ya kuulipia. Mama anayemeza dawa za sukari au za presha aulize kwanza, hata kwa moringa.

Kasiksi naikataa, ingawa najua wazee wengi watakasirika. Pombe inaingia kwenye maziwa kwa kiwango kile kile kilichomo kwenye damu ya mama, na inazuia homoni inayosukuma maziwa yatoke. Mama anahisi titi limejaa, anasema "mmeona, imeleta", kumbe limejaa kwa sababu mtoto ametoa kidogo. Anayetaka ndizi anywe mutobe, ile juisi kabla haijachacha.

Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, hauna siri ndani yake, na bado ndio ninaoupendekeza kwanza. Kunyonyesha kunakula karibu kalori 500 za mama kila siku. Mama wengi wanaokuja kulalamika kwamba maziwa yamepungua wanakula mara moja, wanabeba mizigo, na hawanywi maji. Uji, maharage, sambaza na maji vinamrudishia nguvu.

Lakini hata uji haushindi mdomo wa mtoto. Maziwa yanatengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa: mara nane hadi kumi na mbili kwa saa 24 kwa mtoto mchanga, usiku ukiwemo, maana usiku homoni ya kutengeneza maziwa iko juu. Mtoto anayelowesha nepi sita au zaidi kwa siku baada ya juma la kwanza, na uzito unapanda kwenye karatasi yake, anapata maziwa ya kutosha hata kama analia jioni. Uzito usipopanda, tafuta sababu kabla ya jani: mtoto hakamati titi vizuri, kipande cha kondo kilibaki tumboni, au mama alianza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ambavyo vinaweza kupunguza maziwa. Hakuna unga wa sokoni unaotibu hayo.

Homa: mubirizi, kinkina, artemisia au vidonge?

Hapa siwezi kuwa na huruma, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza mama. Mtu aliyejifungua juzi akipata homa, nyumba nzima inasema malaria na mubirizi unachemshwa. Homa ya mzazi inaweza kuwa malaria kweli. Inaweza pia kuwa titi lililopata jipu, au uchafu ulioingia kwenye kizazi, na huo unaua kwa siku chache. Kikombe kichungu kinaweza kuchelewesha safari ya hospitali kwa siku mbili ambazo mama hana.

Mubirizi una heshima yake. Kule Mahale, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1987 watafiti walimwona sokwe jike mgonjwa akitafuna moyo wa tawi la mmea huu na kutema nyuzinyuzi, halafu akapata nafuu. Afrika Magharibi wanayapika majani yake kama mboga, baada ya kuyaosha mara nyingi mpaka uchungu upungue. Mboga iliyooshwa hivyo sina neno nayo. Maji machungu yaliyokolezwa, yanayonywewa na mama wa kichanga, nayakataa: uchungu ule ndio dawa yenyewe, na hakuna anayejua kikombe chako kina kiasi gani.

Kinkina, mti ambao gome lake linatoa kwinini, tunaijua kuliko watu wengi duniani, kwa sababu miti yake inalimwa milimani kwetu na kiwanda cha Pharmakina kinatengeneza kwinini hapa hapa Bukavu. Kwa sababu hiyo watu wanapata gome na kulichemsha nyumbani. Kwinini ya hospitali, iliyopimwa, inaingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo na mama anaweza kuendelea kunyonyesha. Isipokuwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ngeni Afrika ya Kati: damu yake inaweza kuvunjika, akageuka manjano. Gome lenyewe halina kipimo. Gome la mti mmoja linaweza kuwa na kwinini nyingi kuliko la mti wa jirani yake, na kwinini ikizidi inapigisha masikio kelele na kuvuruga moyo wa mama.

Artemisia ilipata jina kubwa, na ni kweli kwamba artemisinini inatoka humo. Tu Youyou wa China alipewa Nobeli mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Chai yake ni jambo tofauti. Artemisinini ndani ya kikombe ni kidogo na hailingani leo na kesho, homa inashuka, vimelea vinabaki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba haliungi mkono matumizi ya mmea huo kama chai au unga dhidi ya malaria, kwa ajili ya hilo na kwa hofu ya kuvifundisha vimelea kuizoea dawa.

Linganisha sasa na kipimo cha haraka cha tone la damu na vidonge vya mseto wenye artemisinini, kama artemeta na lumefantrini, ambavyo mama anayenyonyesha anaruhusiwa kuvimeza. Dozi inajulikana, siku zinajulikana. Nachagua vidonge bila kusita. Na kipimo kikisema si malaria, kazi ya kutafuta chanzo cha homa inaanza siku hiyo hiyo.

Choo kigumu na "kusafisha tumbo"

Baada ya kujifungua, hasa kwa mwenye mshono, choo kinakuwa kigumu na mama anaogopa kusukuma. Watu wanakata alovera. Jani la alovera lina vitu viwili: ute mweupe wa katikati, na utomvu wa njano chini ya ganda, mchungu sana. Huo wa njano ni dawa kali ya kuharisha. Unakata tumbo, na mtoto anaweza kuharisha naye. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuondoa kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti, kwa kukosa uthibitisho wa usalama. Nyumbani ni vigumu kutenganisha vile viwili vizuri, kwa hiyo usinywe kabisa. Papai lililoiva, maharage, mboga za majani na maji mengi vinatosha kwa wengi. Ikishindikana, vidonge vya sena kutoka farmasi, kwa dozi iliyoandikwa na kwa siku chache, ni bora kuliko majani ya sena ya kuchemsha: ni mmea ule ule, ila umepimwa, na kinachofika kwenye maziwa ni kidogo.

Zile dawa za "kusafisha tumbo" zinazonywewa juma la kwanza ili damu itoke yote, nawaomba wakina bibi waziache. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama unatoa homoni inayobana kizazi. Yale maumivu ya tumbo anayoyasikia mama wakati wa kunyonyesha ndiyo kazi hiyo ikifanyika. Damu ikilowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja, au ikinuka vibaya, ni safari ya hospitali, hata kama ni usiku.

Kikohozi na mafua

Hapa sina wasiwasi mkubwa. Tangawizi iliyopondwa, limau, asali, kikombe chepesi cha mchaichai: mama anywe. Asali abaki nayo yeye, maana mtoto wa chini ya mwaka mmoja haruhusiwi kulambishwa kwa sababu ya sumu ya botulizimu. Kikombe cha menti mara moja moja hakidhuru, lakini menti nyingi na seji zinajulikana kwa kupunguza maziwa, basi mwenye maziwa haba aziruke. Anayeachisha ziwa anaweza kuzitumia. Mvuke wa mikaratusi ufanywe mbali na mtoto, na mafuta yake yasinywewe. Balsamu zenye menthol au kafuri usipake kifuani unaponyonyeshea. Harufu ile ikimpiga mtoto mchanga puani, inaweza kumkatisha pumzi.

Ukiamua kununua

Nunua jani likiwa jani, unalolitambua kwa macho, kuliko unga au chupa ya maji ya rangi. Majina yanatatiza: Mshi, Mhavu na Mnyarwanda wanaweza kutaja jina linalofanana na kila mmoja akawa na mmea wake kichwani. Uliza lilichumwa wapi. Hapa kwetu wasiwasi ni barabara na mifereji ya maji machafu. Ndugu zetu wa Lubumbashi wana mzigo mzito zaidi, kwa sababu udongo wa karibu na viwanda vya kuyeyusha shaba umebeba risasi na kadmi, na risasi inapita kutoka kwa mama kwenda kwenye maziwa. Jani lililoota pale halisafishiki kwa kuoshwa.

Tumia mmea mmoja kwa wakati, kiasi kidogo, baada ya kunyonyesha, na umwangalie mtoto siku mbili tatu. Ukichanganya mimea mitano, mtoto akiharisha hakuna atakayejua ni upi. Muuguzi wako akiwa na simu yenye intaneti, mwombe aangalie hifadhi ya taarifa iitwayo LactMed. Ni ya bure, na inaeleza dawa na mimea mingi kwa upande wa maziwa ya mama. Mingi ya mimea yetu ya Kivu haimo humo. Ukikosa kuuona mmea wako, usihesabu kwamba umeruhusiwa.

Na kumpa mtoto mwenyewe?

Mpaka hapa nimesema juu ya yale ambayo mama anameza, yakapita kwenye mwili wake, yakafika kwenye maziwa yakiwa yamepungua. Kumpa mtoto moja kwa moja hakuna chujio. Matone ya majani mdomoni ili "tumbo lifunguke", maji ya mizizi kwenye kijiko, na hasa ile tabia ya kumpiga mtoto lavema, yaani kumsukumia maji njia ya haja kubwa kwa mpira, ndani kukiwa na tangawizi au pilipili: haya sina cha kuyalinganisha nayo. Utumbo wa kichanga ni mwembamba, unaungua, na maji yakimwishia anaondoka haraka. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, isipokuwa dawa iliyoandikwa na mganga wa hospitali.

Kama tayari alipewa, au kama wewe ulikunywa kitu na sasa mtoto analegea, anakataa titi, anatapika kila anachonyonya, amegeuka manjano au mkojo umekatika, usisubiri kukuche. Mpeleke hospitali, ubebe na lile jani au kile kichupa mkononi, uwaonyeshe wanaompokea. Hakuna atakayekufukuza kwa ajili hiyo, na kazi yao itakuwa nyepesi wakijua wanapambana na nini.